Begi la Kamera na Laptopu: Jinsi ya Kuchagua, na Jinsi ya Kulipa Bila Kujuta

Ni Jumamosi asubuhi, stejini. Kijana anapanda matatu ya Machakos kwenda kupiga picha za harusi. Mgongoni ana begi alilonunua shilingi 1,500. Ndani mna kamera, lenzi mbili, flashi na laptopu, vitu ambavyo ukivipigia hesabu vinapita laki mbili. Konda anamwambia, "Kaka, begi weka huko nyuma, watu wakae." Analiweka. Akishuka analikuta limelaliwa na gunia la viazi, mkanda mmoja umeng'oka na zipu imeachia. Harusi inaanza saa nne. Bibi harusi hawezi kuambiwa arudi kesho.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini kama kazi yako ni picha au video, unajua kinavyouma. Begi ndilo kitu cha bei ndogo kuliko vyote ulivyo navyo, na ndilo linalobeba vingine vyote.

Somo la leo lina sehemu mbili. Kwanza tutaangalia jinsi ya kuchagua begi la mgongoni la kubebea kamera na laptopu. Kisha tutaangalia jinsi ya kulilipia kwa simu bila pesa zako kupotelea njiani. Ukiwa na kalamu na futi ya fundi cherehani, vilete karibu.

SEHEMU YA KWANZA: KUCHAGUA BEGI

1. Anza na vitu, si begi

Wengi wetu huanza kwa kuona begi zuri, kisha tunalazimisha vitu viingie. Fanya kinyume chake. Mwaga mezani kila kitu unachobeba siku ya kazi, si kila kitu unachomiliki. Andika orodha, halafu pima uzito. Kama huna mizani, muuza nyama au mwenye duka la nafaka mtaani anayo.

Tuchukue mfano wa mpiga picha wa harusi:

- Kamera ya Canon EOS 5D Mark IV pamoja na betri na kadi: gramu 890
- Lenzi ya 24-70mm f/2.8: karibu gramu 800
- Lenzi ya 70-200mm f/2.8: karibu kilo 1.5
- Flashi na betri zake: karibu nusu kilo
- Laptopu ya inchi 15: karibu kilo 2
- Chaja, nyaya, betri za akiba na kadi: karibu kilo 1

Jumla ni karibu kilo 6.7. Begi la kamera lenye povu nzito huwa na uzito wa kilo 1.5 hadi 2 likiwa tupu. Ongeza chupa ya maji ya lita moja, tayari umepita kilo 9. Huo ni karibu uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na unaubeba kutwa nzima.

Hesabu hii inakufundisha mambo mawili. La kwanza, begi zito kupita kiasi linakula nafasi ya mzigo wako. La pili, huenda kuna kitu huhitaji kubeba. Kama picha utazihariri nyumbani, je, laptopu ina kazi gani harusini? Ukiiacha, umepunguza kilo mbili bila kutoa shilingi.

2. Pima laptopu yako mwenyewe

Inchi za laptopu hupimwa kwenye kioo, kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala wake. Si upana wa mashine yote. Ndiyo maana laptopu mbili zinazoitwa za inchi 15.6 hazilingani: nyingi zina upana wa kati ya sentimita 35 na 38, na zile za zamani, zenye kingo pana kuzunguka kioo, ndizo kubwa zaidi. Begi lililoandikwa "inchi 15.6" linaweza kuikubali ya jirani yako na kuikataa ya kwako.

Pima urefu, upana na unene wa laptopu yako, uandike kwenye simu. Ukienda dukani, pima mfuko wa laptopu kwa ndani, na uache nafasi ya sentimita moja kila upande. La uhakika zaidi ni kwenda na laptopu yenyewe. Ikiingia kwa kusukumwa, siku moja itatoka kwa kuvutwa.

3. Usidanganywe na lita

Ukubwa wa begi hutajwa kwa lita. Hesabu yake ni rahisi: urefu mara upana mara kina, zote kwa sentimita, kisha ugawe kwa 1,000. Begi la sentimita 45 kwa 30 kwa 15 linapata 20,250, yaani lita 20 hivi. Muuzaji akikwambia begi hilo ni la lita 40, toa futi. Huna haja ya kubishana naye.

Kwa kamera moja, lenzi mbili na laptopu, lita 20 hadi 25 zinatosha watu wengi. Ukibeba kamera mbili, flashi mbili na sweta, angalia lita 30. Ukizidi hapo, begi linaanza kugonga watu ndani ya matatu, na wewe unaanza kulijaza vitu kwa sababu tu nafasi ipo.

4. Aina mbili za kuchagua

Ya kwanza ni begi la kamera kamili. Limetengenezwa kwa kazi hiyo, lina kuta za povu zinazohamishika na mfuko wa laptopu. Linalinda vizuri, lakini bei yake iko juu, na ukitaka kulitumia kwendea nyumbani Krismasi lina nafasi ndogo ya nguo.

Ya pili ni begi la kawaida lililo imara, ukalitia kisanduku cha povu ndani. Kisanduku hicho huuzwa peke yake, kina vyumba vya kamera na lenzi, na siku usiyo na kazi unakitoa. Kwa anayeanza, hii mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu. Angalia tu kwamba begi lina mfuko wa laptopu uliotengwa na hicho kisanduku. Laptopu na lenzi zisigusane kamwe.

5. Mgongo wako ni sehemu ya vifaa

Mikanda ya mabega iwe mipana, yenye povu, na iliyoshonewa ndani ya begi kwa mishono ya kurudiarudia. Ukiona mkanda umeshikwa na mstari mmoja wa uzi, hapo ndipo utakapong'oka.

Mkanda wa kifua huzuia mikanda ya mabega kuteleza. Mkanda wa kiuno, ukiwa mpana na umekazwa vizuri, hushusha sehemu ya uzito kutoka mabegani hadi kwenye nyonga. Kama mzigo wako unapita kilo 7 na unatembea sana, utafute. Ule uzi mwembamba wa kiunoni usio na povu kazi yake ni kuzuia begi lisiyumbe tu. Haukusaidii kubeba.

Jaribu dukani. Tia vitu vyako ndani, kaza mikanda, kisha tembea dakika tano na upande ngazi mara moja. Begi tupu halijawahi kumchosha mtu. Na vitu vizito viwe karibu na mgongo. Lenzi nzito ikiwa upande wa nje inakuvuta nyuma, na jioni kiuno ndicho kinachosimulia.

6. Mlango uko wapi?

Swali hili wengi hulisahau. Mabegi mengine hufunguka mbele, mengine ubavuni, mengine upande unaogusa mgongo.

Linalofunguka upande wa mgongoni ni gumu kuibiwa, kwa sababu ukilivaa zipu yake imelala kwenye mgongo wako. Ukitembea katikati ya mji, au ukisimama kwenye foleni ya basi jioni, hiyo ni amani. Pia ukililaza chini kwenye matope ili ulifungue, kinachochafuka ni upande wa nje, si ule unaoegemea shati lako.

Linalofunguka ubavuni hukuwezesha kutoa kamera haraka bila kuvua begi. Ni zuri kwa mwanahabari na kwa anayepiga picha za wanyama. Lakini ukichagua hilo, jifunze kuzifungia zipu zake kwa ndoana au kufuli ndogo uwapo kwenye umati.

7. Povu, na lile pengo la chini

Bonyeza ukuta wa begi kwa dole gumba. Povu nzuri hubonyea kidogo kisha ikarudi. Ikibaki na shimo, imechoka. Ikibonyea mpaka ukahisi kidole cha upande wa pili, haikukingi na chochote.

Sasa ingiza mkono kwenye mfuko wa laptopu mpaka chini kabisa. Je, mfuko unaishia juu ya sakafu ya begi, au unagusa sakafu yenyewe? Unatakiwa uishie juu kwa sentimita mbili au tatu hivi, au uwe na povu nene chini. Begi huangushwa chini mara nyingi kwa siku: kwenye saruji, kwenye sakafu ya matatu, kwenye ngazi za ukumbi. Kama mfuko unagusa sakafu, kila mara pembe ya laptopu ndiyo inayopokea kishindo.

8. Mvua, vumbi na unyevu

Kitambaa cha mabegi mengi ni nailoni au polista. Utaona namba kama 420D, 600D au 1000D. D hiyo ni denier, kipimo cha unene wa uzi: ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa ni uzi mnene. Kwa kazi ya kila siku, 600D ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa ufumaji na mpako wa ndani nao una maana.

Halafu kuna maneno mawili yanayochanganywa na wauzaji. Begi linalostahimili maji litavumilia manyunyu. Begi lisilopitisha maji ni jambo jingine kabisa, na ni machache yaliyo hivyo, kwa sababu maji hupita kwenye zipu na kwenye matundu ya sindano hata kama kitambaa ni kizuri. Kwa hiyo hata begi la bei kali linahitaji koti la mvua, kile kifuniko chenye mpira pembeni. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hayaulizi begi lako ni la kampuni gani, na mvua ikikukuta juu ya bodaboda hakuna pa kujificha. Kama begi halikuja na kifuniko, nunua kimoja, na kwa sasa weka mfuko mkubwa wa plastiki mgumu ndani.

Walio Mombasa, Malindi, Lamu au Kisumu wana adui mwingine: unyevu. Lenzi ikikaa muda mrefu kwenye begi lenye unyevunyevu huota kuvu ndani ya vioo, na kuisafisha ni kazi ya fundi. Begi likilowa, toa kila kitu, ulianike wazi mpaka likauke kabisa. Tia vile vipakiti vidogo vya kukaushia vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme. Na usilifanye begi kuwa kabati: ukifika nyumbani, vifaa vitoke.

9. Mtumba au mpya?

Gikomba, Toi na Kongowea zina mabegi ya mtumba yaliyo imara kuliko mengi mapya ya bei hiyo hiyo. Sharti ujue pa kuangalia:

- Zipu: fungua na ufunge kila moja mara tano, ukiwa umelijaza begi kidogo. Kichwa cha zipu kikikwama au meno yakiachia nyuma yake, hiyo ni gharama.
- Mpako wa ndani: pitisha kiganja. Ukinata au ukimenyuka kama ngozi ya nyoka, begi limezeeka, na vumbi hilo litaingia kwenye kamera.
- Mikanda: vuta kwa nguvu, kila mmoja.
- Harufu: begi lenye harufu ya uvundo lina kuvu. Liache hapo hapo, hata likiwa la bei ya bure.
- Matundu: liinue juu kuelekea jua na uangalie kutoka ndani.

Kasoro si lazima ikufukuze. Ikupe bei tu.

"Hili begi ni ngapi, kaka?"
"Elfu tatu na mia tano, mteja wangu. Hili ni la kamera kabisa."
"Nimeona. Lakini zipu ya ubavuni inaachia meno. Fundi ataitaka mia tatu."
"Haya, lete elfu tatu."
"Elfu mbili na mia nane, nilipe kwa Till sasa hivi."

Umepata begi, na mia tatu ya fundi wa viatu imeshatoka kwenye bei.

10. Ukisafiri kwa ndege

Betri za akiba za lithiamu na pawabenki haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Unaingia nazo ndani. Kiwango cha kawaida ni betri isiyozidi saa-wati 100. Ili kupata saa-wati, zidisha volti kwa mAh kisha ugawe kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye seli za volti 3.7 inapata 74, kwa hiyo inapita. Uliza shirika la ndege kuhusu uzito na vipimo vya mkoba wa mkononi kabla ya kununua begi, kwa kuwa kila moja lina kanuni zake.

SEHEMU YA PILI: KULIPA BILA KUJUTA

Begi umelipata. Sasa pesa ziko kwenye simu, na hapa ndipo haraka huharibu.

Hatua ya kwanza: weka akiba kabla ya kukopa. Tuseme begi ni shilingi 6,000. Ukitenga shilingi 200 kila siku kwenye akiba ya simu, umelinunua kwa siku 30. Ukikopa 6,000 kwa ada ya, tuseme, asilimia 8 kwa mwezi, utalipa 480 zaidi, na ukichelewa zinaongezeka. Kama ni lazima ukope kwa sababu kazi iko kesho, hakikisha mkopeshaji ana leseni. Benki Kuu ya Kenya huchapisha orodha ya wakopeshaji wa kidijitali iliowapa leseni chini ya kanuni za mwaka wa 2022.

Hatua ya pili: shika begi kwanza, lipa baadaye. Mtandaoni utaona picha nzuri na bei ya kushangaza, kisha muuzaji anasema, "Tuma nusu nikuwekee, wateja ni wengi." Harakaharaka haina baraka. Mwambie utalipa ukilipokea. Likifika, lifungue mbele ya mletaji, tia laptopu, vuta zipu, ndipo ulipe. Asiyekubali malipo wakati wa kupokea wala hana duka unaloweza kulitembelea, usimtumie pesa hata kama picha zake zinang'aa.

Hatua ya tatu: soma jina kabla ya PIN. Kabla ya kukamilisha malipo, simu hukuonyesha jina la mtu au biashara inayopokea. Hizo ni sekunde chache tu, na ndizo zinazookoa watu. Duka linaitwa hivi, jina kwenye simu linasema vile? Simama. Uliza. Huenda kuna maelezo halali, mfano biashara imesajiliwa kwa jina la mwenyewe, lakini maelezo hayo uyapate kabla ya kubonyeza, si baada.

Hatua ya nne: pendelea Till au Paybill kuliko namba ya mtu. Malipo ya kwenye Till yanabaki na jina la biashara kwenye rekodi yako, na ukirudi na begi lililochanika una pa kuanzia. Kwa Paybill, andika namba ya akaunti kwa uangalifu, tarakimu moja moja. Na ukisikia, "Till yetu leo ina shida, tuma kwa namba hii ya kijana wangu," fikiria mara mbili.

Hatua ya tano: tunza ujumbe wa malipo, na uombe risiti. Ujumbe unaonyesha kwamba ulilipa. Risiti inaonyesha ulinunua nini, na kama kuna dhamana. Vyote viwili vipige picha. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Lakini haki isiyo na karatasi huchosha kuidai.

Hatua ya sita: ukikosea namba, usipoteze dakika. Omba muamala urudishwe papo hapo. Kwa wateja wa M-PESA, unautuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456. Kwa mitandao mingine, piga kituo cha wateja. Tunasema papo hapo kwa sababu pesa zikishatolewa na aliyezipokea, kuzirudisha kunakuwa kugumu. Na ukipokea simu ya mtu anayedai "amekutumia kimakosa", usimrudishie kwa mkono wako. Angalia salio lako kwanza, kisha mwambie afuate njia rasmi ya kurudishiwa.

Hatua ya saba: ukiagiza kutoka ng'ambo, bei ya kwenye tovuti si bei ya mlangoni. Kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Jumlisha vyote ndipo ulinganishe na bei ya duka la hapa.

IKITOKEA BEGI LIMEIBIWA

Tusitamani, lakini tujiandae. Jioni ya leo fanya mambo manne:

- Andika namba ya siri ya utengenezaji ya kamera, kila lenzi na laptopu. Kwa simu, bonyeza *#06# upate IMEI. Hifadhi orodha hiyo kwenye barua pepe, si ndani ya begi.
- Weka PIN ya laini ya simu, ili mtu akiitoa laini na kuitia kwenye simu nyingine asiweze kuitumia.
- Simu, kitambulisho na karatasi yoyote yenye namba za siri visilale mfuko mmoja. PIN ya pesa isiandikwe popote. Mwizi aliyepata simu na kitambulisho pamoja amepata mlango na nusu ya ufunguo.
- Siku ya kazi, kadi zilizojaa picha zitoke kwenye kamera ziende kwenye mfuko wako wa ndani, ule wenye kifungo. Kamera hununuliwa tena. Picha za mzee akiwabariki maharusi hazipigwi mara ya pili.

Likiibiwa, omba simu ya jirani upige kituo cha wateja laini ifungwe na akaunti ilindwe. Hilo ni kabla ya polisi, kwa kuwa pesa husafiri haraka kuliko begi. Kisha nenda kituo cha polisi na ile orodha ya namba, upate abstrakti. Utaihitaji kwa bima, na kwa kitambulisho kipya.

ZOEZI LA LEO

Jibu kwa kuandika, kisha uende nayo sokoni:

1. Vitu vyangu vya siku ya kazi vina uzito wa kilo ngapi? Ni kipi ninaweza kukiacha?
2. Laptopu yangu ina sentimita ngapi kwa urefu, upana na unene?
3. Safari zangu nyingi ni za matatu, bodaboda, gari la kibinafsi au miguu? Kwa hiyo mlango wa begi uwe wapi?
4. Begi la sentimita 48 kwa 30 kwa 18 ni lita ngapi? (Jibu: karibu 26.)
5. Muuzaji ameleta begi mlangoni, na jina kwenye simu si la duka lake. Nitafanya nini kabla ya kuweka PIN?

Na konda akikwambia uweke begi nyuma, mwambie kwa heshima, "Hili nitalipakata, kaka." Ikibidi ulipie kiti cha pili, piga hesabu: nauli moja zaidi, au laki mbili zikilaliwa na viazi? Wewe ndiye unayejua kilichomo.